Tuisheni ya karatasi: kwa nini mtoto wa darasa la nne anapewa 3 + 2

Mtoto yuko darasa la nne. Kugawanya kunamshinda, mtihani wa taifa wa darasa hilo uko mbele, na mzazi ameamua kulipia masomo ya ziada. Wiki ya kwanza haijaisha, anafungua begi la mtoto na kukuta karatasi yenye 3 + 2, 5 + 2, 7 + 2, hesabu ishirini za namna hiyo, zote zimewekewa vema kwa kalamu nyekundu. Wazazi wengi wakifika hapo wanarudi kituoni kudai hela yao.

Hasira hiyo inaeleweka. Kwetu neno tuisheni lina picha moja: mwalimu ubaoni, watoto thelathini kwenye mabenchi, mada ileile ya shuleni inafundishwa upya kwa sauti kubwa zaidi, ikiwezekana kwa kuitangulia shule. Ukimlipia mtoto tuisheni unategemea aende mbele. Tuisheni ya karatasi inaanza kwa kumrudisha nyuma, tena nyuma sana, na mara nyingi hakuna anayekaa na mzazi kumweleza sababu. Ndipo maneno yanapoanza: ni utapeli wa kuuza fotokopi, ni ya watoto wazito, ni ya Wajapani haitufai, mtoto anafanya peke yake kwa hiyo mwalimu analipwa kwa kukaa.

Tuanze na maana yake. Ni mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi ndogo ndogo, kila karatasi ikiwa ngumu kidogo kuliko iliyotangulia. Kila mtoto ana karatasi zake, anafanya chache kila siku, zinasahihishwa hapohapo, na havuki kwenda ngazi inayofuata mpaka aiweze ile aliyopo kwa usahihi na kwa wepesi. Hesabu ina ngazi zake na kusoma kuna ngazi zake. Mtoto anaweza kuwa juu huku na chini kule. Darasa analosoma shuleni halihesabiwi.

Sifa ya kuanzisha mtindo huu kibiashara anapewa mwalimu wa hesabu wa Japani, Toru Kumon, ambaye mwaka 1954 alianza kumwandikia mwanawe wa darasa la pili karatasi za mazoezi ya kila siku nyumbani kwao Osaka. Miaka minne baadaye ilikuwa kampuni, na leo ina vituo katika nchi nyingi. Kanuni ya kutovuka kabla ya kuweza iliandikwa pia na mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, Benjamin Bloom, mwaka 1968, bila kujali karatasi. Lakini mtu wa Ujiji hahitaji kwenda Osaka wala Chicago kuuelewa mtindo huu.

Aende chuoni, namaanisha chuo cha Kurani. Watoto wameketi mkekani pamoja, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti. Mmoja yuko kwenye herufi, jirani yake yuko Juzuu Amma, wa pembeni anakaribia kuhitimu. Ustadhi anawaita mmoja mmoja. Aliyesoma vizuri anapewa sehemu mpya. Aliyekosea anaambiwa rudi ukairudie, kesho uje. Hakuna anayeuliza huyu ni darasa la ngapi, na kijana wa miaka kumi na mbili aliyechelewa kuanza anakaa na alifu kwa kijiti chake bila mtu kudai ada irudishwe. Tuisheni ya karatasi ni mpango huohuo, isipokuwa sauti imebadilishwa na penseli. Tofauti moja kubwa: chuoni mtoto anaweza kukariri bila kuelewa na bado akavuka. Kwenye hesabu hilo ni kosa la kumfukuzia kazi msimamizi.

Kwa nini arudishwe nyuma

Chukua hesabu ya 47 × 6. Mtoto anatakiwa ajue 6 × 7 ni 42, aandike 2, ashike 4 kichwani, azidishe 6 × 4 apate 24, aongeze ile 4, apate 28, aandike 282. Hapo kuna mambo sita, na kichwa cha mtoto kinashika machache kwa wakati mmoja. Anayejua 6 × 7 kama anavyojua jina lake anabakiwa na nafasi ya kukumbuka ile 4. Anayeitafuta 6 × 7 kwa kujumlisha saba mara sita kwenye vidole, akifika arobaini na mbili ameshasahau alikuwa anafanya nini. Mwalimu anaona kuzidisha kunamshinda. Kinachomshinda ni kujumlisha, ambako kila mtu alidhani alishamaliza miaka miwili iliyopita.

Shule haina nafasi ya kulishughulikia hilo. Darasa la wanafunzi 90 au 120 si habari ngeni mkoani Kigoma, hasa tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na watoto wakafurika. Mwalimu mwenye vipindi na muhtasari wa kumaliza hawezi kusimama kwa ajili ya aliyekwama kwenye 8 + 5. Serikali ililiona tatizo la msingi: mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekewa mkazo wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu mwaka 2015, na Kigoma na Tabora zilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata EQUIP-Tanzania, mradi wa kuboresha elimu ya msingi. Lakini upimaji wa Uwezo, shirika lisilo la serikali, unaowapa watoto wakubwa maswali ya kiwango cha darasa la pili, umeonyesha mara kwa mara kwamba wapo wengi wa madarasa ya juu wasioyaweza. Kwa kawaida mtoto anapanda darasa kila Januari awe ameelewa au hajaelewa. Karatasi hazimpandishi mpaka aelewe.

Kupata pa kuanzia

Kazi ngumu kuliko zote hufanyika siku ya kwanza, na ndiyo inayofanywa ovyo zaidi. Mtoto anapewa karatasi nne za kipimo, kila moja maswali 20: kuandika namba hadi 100, kujumlisha tarakimu moja moja, kutoa, kuzidisha. Kila karatasi dakika tano zisizidi. Msimamizi hatakiwi kuangalia alama tu. Anaangalia mikono, macho na saa. Anayejua 6 + 3 anaandika 9 kwa sekunde mbili au tatu, hivyo maswali 20 yanamchukua kama dakika moja. Anayehesabu vidole anatumia sekunde sita hadi kumi kwa kila swali, naye anamaliza kwa dakika mbili na nusu, tatu. Wote wawili wanaweza kupata 20 kati ya 20. Kwenye ripoti ya shule wako sawa, kwenye saa hawako sawa hata kidogo.

Pale vidole au macho ya darini yanapoanza kuonekana ndipo ukingo wake ulipo. Tuseme mtoto wetu wa darasa la nne anajumlisha vizuri mpaka kuongeza 5, na kuanzia kuongeza 6 anahesabu chini ya meza. Anaanzishwa kwenye kuongeza 2. Kwa nini isiwe 5? Kwa sababu siku kumi za kwanza ana somo jingine la kujifunza: kukaa chini saa ileile kila siku, kuandika muda wa kuanza na kumaliza, kusoma kosa lake na kulirekebisha mwenyewe. Ukimpa ugumu wa hesabu na ugumu wa mazoea kwa mpigo, unapoteza vyote viwili. Hivyo ile karatasi ya 3 + 2 kwenye begi iko mahali pake kabisa.

Vidole havikatazwi. Kumkataza mtoto vidole kunamfundisha kuvificha tu, na hapo umepoteza kipimo chako. Vikionekana, rudi ngazi moja.

Siku moja ya kazi

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, karatasi nne za hesabu na nne za kusoma zinatosha, dakika 15 hadi 20 kwa kila somo. Wa awali na darasa la kwanza, dakika kumi, na karatasi mbili zisizojaa maandishi. Siku tano kwa wiki ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Kinachojengwa ni wepesi, na wepesi hauji kwa kufakamia. Muda mzuri ni ule usioshindana na kitu. Kwa nyumba nyingi za Ujiji alasiri ni ya chuo, kwa hiyo jaribuni baada ya chuo kabla giza halijaingia, au asubuhi kwa wanaoingia shule zamu ya mchana. Kumsubirisha mtoto hadi baada ya chakula cha usiku, akiwa ameshachota maji na kuosha vyombo, ni kumtafutia makosa ya usingizi.

Mtoto anaandika jina, tarehe, saa ya kuanza. Anafanya. Anaandika saa ya kumaliza. Karatasi inasahihishwa palepale. Jibu sahihi linapata vema, kosa linazungushiwa duara na haliandikiwi jibu. Anarudishiwa, anarekebisha yale ya duara mpaka yote yawe sawa, kisha anakwenda kucheza. Msimamizi anaandika kwenye daftari la kumbukumbu mstari mmoja: ngazi, makosa ya mara ya kwanza, dakika.

Uamuzi wa kesho unatoka kwenye mstari huo. Makosa hayazidi mawili na muda uko ndani ya kiwango: anasonga. Hakosei ila anachelewa: anarudia ngazi ileile, kwa karatasi zenye mpangilio mwingine. Ana haraka na anakosea ovyo: anapunguziwa idadi, nne ziwe mbili, na anaambiwa wazi kwamba akipata zote sawa ndiyo basi kwa siku hiyo, haraka hupungua yenyewe. Anachelewa na anakosea: usimrudishie karatasi ileile kwa mara ya tatu. Pa kuanzia palikosewa, rudi ngazi mbili. Vituo vingi huharibika hapa. Mtoto anarudishiwa karatasi moja mpaka anakariri kwamba swali la saba jibu lake ni 11, msimamizi anafurahi, na ngazi inayofuata inamkuta yuko palepale.

Tufanye hesabu ya muda, maana wazazi huuliza. Kujumlisha kuanzia kuongeza 1 hadi kuongeza 9, kwa karatasi kumi kila ngazi, ni karatasi 90. Weka na za kurudia, ziwe 150. Kwa nne kwa siku ni kama siku 38, yaani wiki nane hivi za siku tano. Hiyo ni kujumlisha tu. Kutoa kunakuja, kuzidisha kunachukua muda zaidi, kisha kugawanya. Anayemleta mtoto mwezi Agosti akitaka mtihani wa mwaka huohuo umkute anagawanya vizuri aambiwe mapema kwamba hilo halitawezekana kwa njia hii. Kituo kinachomwahidi vinginevyo kinataka ada yake.

Kosa moja lililosomwa kwa karibu

Ukitaka kujua kama msimamizi anaijua kazi yake, mwangalie anavyosoma makosa. Hapa kuna karatasi ya kujumlisha. Mtoto amekosa matatu:

7 + 6 = 12
8 + 5 = 12
9 + 4 = 12

Msahihishaji wa haraka anaona makosa matatu na kusema mtoto hayuko makini. Angalia tena. Yote matatu jibu lake ni 13 na yote yamepungua moja. Mtoto anaanza kuhesabu kwa namba ya kwanza yenyewe: kwa 7 + 6 anakunja kidole cha kwanza akisema "saba", kisha nane, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Vidole sita, amefika 12. Umakini wake ni kamili na utaratibu wake haubadiliki. Ana kosa moja tu, na linaondoka kwa dakika mbili: mwambie saba iko tayari mfukoni, kidole cha kwanza kinaanzia nane. Ukimpa karatasi ishirini nyingine bila kumwambia hivyo, utakuwa umemfundisha kukosea kwa kasi.

Mengine ya kawaida. 38 + 25 = 513: amejumlisha mamoja akapata 13 akaandika yote, makumi akapata 5; hajui kwamba nafasi moja haibebi zaidi ya 9. Mrudishe kwenye makumi na mamoja, kwa njiti za kiberiti zilizofungwa kumi kumi. 52 − 17 = 45: anatoa ndogo kwenye kubwa popote zilipo, juu au chini, kwa kuwa aliambiwa darasa la kwanza kwamba "mbili huwezi kutoa saba". Mia tatu na nne kuandikwa 3004: ameandika 300 halafu 4, kama alivyosikia.

Hapo lugha yetu ina neema na mtego wake. Kumi na tatu inajieleza yenyewe, kumi kisha tatu, wakati Kiingereza kina majina ya kipekee kwa kumi na moja na kumi na mbili. Lakini makumi yetu yalitoka Kiarabu. Sitini, sabini na tisini zinasikika kama sita, saba na tisa. Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini na themanini hazimwambii mtoto kitu, na thelathini na themanini zinafanana masikioni kiasi cha kubadilishana hata kwa watoto wa darasa la tatu. Dawa ni kusema yote mawili kwa wiki chache: thelathini, makumi matatu, themanini, makumi manane. Inachosha, najua. Inafanya kazi.

Upande wa kusoma

Kiswahili ni rahisi kusoma kwa sauti kwa sababu herufi hazigeukigeuki. Ngazi zinajipanga karibu zenyewe: irabu tano, silabi nyepesi kama ma, ba, ka, maneno ya silabi mbili, baba, taa, kaka, silabi tatu, kalamu, samaki, halafu herufi mbili zinazotoa sauti moja, cha, sha, nya, dha, halafu milima yenyewe, mbwa, nywele, ng'ombe, na maneno ambayo m inasimama peke yake kama silabi. Mtoto wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, anamkuta samaki aitwaye mgebuka kila siku kwenye sufuria lakini kwenye karatasi anasoma "mugebuka" au anasimama kabisa. Mwonyeshe kwa kupiga makofi: m-ge-bu-ka, makofi manne. Baada ya hapo sentensi, aya, na vifungu vyenye maswali.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni kutaja jina la herufi badala ya sauti yake, mtoto anasema "em, a" kisha hajui kwa nini inakuwa ma. Wa pili ni kukariri ukurasa. Wapo wanaosoma hadithi nzima macho yako dirishani. Kipimo chake ni maneno yasiyo na maana: andika fepu, dakoli, nyube. Anayejua kusoma atasoma akicheka. Aliyekariri atanyamaza au atakupa neno analolijua linalofanana.

Kisha kuna kuelewa, na hapa wazazi hudanganyika zaidi, kwa kuwa mtoto anayesoma kwa sauti nzuri anapendeza kusikiliza. Watoto wengi wa Kasulu, Kibondo na vijiji vya jirani huanza shule Kiha ndicho kilichowajaa mdomoni. Wanaweza kutamka "mvuvi alitweka tanga kabla ya alfajiri" bila kujua tanga ni nini. Funika kifungu, mwambie asimulie kwa maneno yake, hata kwa Kiha kwanza. Akiweza kwa Kiha ameelewa, amekosa maneno tu, na maneno yanafundishika. Asipoweza kwa lugha yoyote, mrudishe kwenye sentensi fupi. Karatasi za kusoma zisizo na mtu wa kumsikiliza mtoto hazina maana. Nusu ya kazi iko masikioni mwa mtu mzima.

Kwa wanaosoma shule za Kiingereza, malizeni kusoma kwa Kiswahili kwanza kama nyumbani ni Kiswahili. Mtoto akishajua kwamba herufi ni sauti, anahamia kwingine na ujuzi huo. Kuanza lugha mbili kwa wiki moja, ambapo e inasomwa hivi huku na vile kule, ni kumchanganya bila faida.

Yanayosemwa mtaani

Kwamba ni ya watoto wazito. Mwenye kasi naye anafaidika, maana hasubiri darasa. Wa darasa la pili anaweza kuwa kwenye kuzidisha. Ila mzazi asigeuze hiyo kuwa tambo. Kukimbilia ngazi ya juu kwa sifa ndiko kunakoacha mashimo yaleyale tuliyokuja kuyaziba.

Kwamba karatasi nyingi ndiyo maendeleo makubwa. Karatasi kumi kwa siku zinamaanisha kusahihisha kumi, na kusahihisha kunapochelewa siku tatu kosa la Jumatatu linakuwa limefanyiwa mazoezi hadi Alhamisi.

Kwamba mwalimu hahitajiki. Anahitajika kidogo kidogo lakini kwa kila mtoto. Kusahihisha na kuongea na mtoto mmoja ni dakika nne hivi, kwa hiyo mtu mmoja kwa saa moja anawamudu watoto 15. Chumba chenye watoto 40 na msimamizi mmoja hakiwezi kuwa kinasahihisha papo hapo, hata kama ukuta umebandikwa ratiba nzuri.

Kwamba inachukua nafasi ya shule. Haichukui. Mafumbo ya maneno, maumbo, vipimo, kujadiliana na wenzake, hayo hayapo kwenye karatasi za mtindo huu au yapo kidogo sana. Mtoto anayejumlisha haraka bado anaweza kukwama ukimuuliza mafungu matano ya dagaa kwa shilingi 1,500 kila moja, mteja akitoa noti ya elfu kumi, chenji ni ngapi. Mpeleke sokoni akahesabu chenji. Na kama amefikisha 2,500 kabla yako, usimwambie amewahi sana.

Gharama, na ujanja wa kuipunguza

Karatasi nane kwa siku, siku tano, wiki nne, ni karatasi 160 kwa mwezi. Kopi ikiwa shilingi 100 ni shilingi 16,000 kwa mtoto mmoja, kabla ya ada. Kwa nyumba yenye watoto watatu hiyo si hela ya kuchezea. Njia inayotumika ni kuchapa seti moja, kuweka kila karatasi nyuma ya plastiki ngumu inayoona, ile ya mbele ya ripoti zilizobaindiwa, na mtoto akaandika juu yake kwa maka pen ya ubao mweupe. Ikisahihishwa inafutwa kwa kitambaa. Hatari yake ni moja: ukifuta kabla ya kuandika makosa na muda kwenye daftari, siku imepotea. Kuanzia darasa la tatu mtoto anaweza kuandika namba ya swali na jibu tu kwenye daftari la hesabu la vyumba. Wadogo wanaruka mistari, kwao plastiki ni bora.

Za simu zipo, na zinasahihisha zenyewe. Tatizo ni kwamba nyingi zinampa mtoto majibu manne achague, na anayebahatisha anapata robo bila kujua chochote. Pia huoni alipofuta mara tatu, wala huoni vidole. Kama simu ndiyo iliyopo, tafuta programu inayomtaka aandike jibu, na kaeni naye karibu.

Anayetaka kukagua kituo kabla ya kulipa aende katikati ya kipindi, siyo saa ya kuandikisha. Aangalie watoto watatu waliokaa jirani. Wakiwa kwenye ukurasa mmoja, hiyo ni tuisheni ya kawaida iliyopigwa kopi. Aombe kuona daftari la kumbukumbu, na aulize ni mtoto gani alirudishwa ngazi wiki hii na kwa nini. Kituo ambacho hakijawahi kumrudisha mtu hakipimi.

Mwisho wake pia unajulikana. Mtoto anayegawa 936 kwa 4 akapata 234 bila kuchora vijiti pembeni, na anayesoma ukurasa wa kitabu asichokijua kisha akakusimulia, anaweza kuachishwa hata kama ngazi za mbele bado zipo nyingi. Vitabu vya shule vinamtosha kuanzia hapo. Seti yake ya karatasi inaweza kwenda kwa mdogo wake, ila mdogo naye apimwe kwanza, kwani huenda yeye amekwama kwenye kutoa, huku kujumlisha hakujamsumbua tangu awali.